Pikapu ya Kuvuta Tela Mara Mojamoja: Tuliyoyaona na Kuyapima Guangzhou



Katika kurasa za jarida hili tumezoea kusoma habari za soko la nguo la Baima, za gharama za kusafirisha mizigo, na za shule zinazopokea watoto wetu. Mwezi huu tunaomba nafasi kidogo tuzungumzie jambo linalogusa mifuko ya familia nyingi zilizoko hapa, nalo ni namna ya kuchagua ukubwa wa pikapu itakayopelekwa nyumbani, hasa pale ambapo gari hilo litatakiwa kuvuta tela mara chache tu kwa mwaka.

Tunaandika tukiwa wazee wawili, mwalimu mstaafu na mwenzake, tuliokuja Guangzhou kukaa na binti yetu, mumewe na wajukuu katika mtaa wa Xiaobei. Ukoo wetu uko Ismani, kaskazini ya mji wa Iringa, kando ya barabara iendayo Dodoma. Familia sita, mbili za hapa na nne za huko, zimechanga fedha kwa miaka minne. Fedha hizo zimetokana na harusi zilizofanywa kwa wali na maharage, na nguo mpya zilizoahirishwa, na saa za usiku ambazo vijana wetu huzitumia kufunga mizigo ya watu. Zikitumika vibaya hatuna nyingine. Ndiyo maana ukoo ulitukabidhi sisi kazi ya kuchunguza, kwa hoja kwamba wazee hawana haraka, tena huuliza maswali ambayo kijana huona haya kuyauliza mbele ya muuzaji.

Kwanza kazi, kisha gari

Kabla ya kutazama gari lolote tulipiga simu Ismani, tukaorodhesha kazi zenyewe. Kwa siku nyingi za mwaka gari litabeba watu watatu au wanne, mbolea, mbegu, na pengine mgonjwa anayewahishwa hospitali. Wakati wa kiangazi, yapata mara mbili kwa mwezi, litavuta tela lenye tangi la maji la lita 1,000. Baada ya mavuno litavuta mahindi kuyapeleka Iringa mjini, mara tatu au nne. Na mara moja kwa mwaka litashuka Dar es Salaam na kupanda tena likiwa na bidhaa za duka. Tulipojumlisha, siku za kuvuta tela hazikufika 30 katika siku 365.

Tunamshauri kila msomaji aanze na orodha kama hiyo, aiandike kwa kalamu, na aipeleke kwa wale watakaolitumia gari waisahihishe. Muuzaji atakuuliza unapenda gari gani. Swali hilo ni jepesi mno. Swali gumu, na ndilo lenye faida, ni gari litafanya nini Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Mji usiokuwa na matela

Mtu atokaye Iringa hushangaa anapotembea Guangzhou. Sensa ya mwaka 2020 iliukuta mji huu ukiwa na watu zaidi ya milioni 18. Una maghala na karakana kila upande, na hata hivyo mtu aweza kutembea kutwa kutoka Xiaobei hadi Sanyuanli asione gari dogo hata moja lililofunga tela. Pikipiki zilikwisha kupigwa marufuku katikati ya mji tangu Januari 2007. Mizigo huenda kwa baiskeli za umeme za magurudumu matatu, kwa malori madogo, na kwa vigari vile vya mgongo mfupi ambavyo wenyeji huviita "gari la mkate" kwa sababu umbo lake ni la mkate wa boflo. Pikapu zenyewe ni chache. Wachina huiita "pika", jambo ambalo limewachekesha sana wajukuu wetu, kila wakiiona moja barabarani hutuuliza, "Babu, hiyo inapika nini?"

Tuliuliza sababu, tukapata mbili.

Ya kwanza ni sheria. Kanuni za usalama barabarani zilizoanza kutumika Mei 2004 huruhusu gari dogo la abiria kuvuta tela la malazi ya safarini tu, au tela ambalo uzito wake wote ni chini ya kilo 700. Gari la mizigo, na pikapu huhesabiwa humo, huvuta tela moja tu, na shehena ya tela hairuhusiwi kuzidi shehena ambayo gari lenyewe limeidhinishwa kubeba. Aidha, tangu tarehe 1 Aprili 2022 kuna daraja la leseni liitwalo C6, ambalo dereva wa gari dogo hulifanyia mtihani kabla ya kuvuta matela mepesi. Nasi wageni tukumbuke kwamba leseni zetu za nyumbani, pamoja na ile iitwayo ya kimataifa, hazitoshi kuendeshea gari hapa. Sharti mtu apate leseni ya China.

Sheria hizi hazivuki bahari pamoja na gari. Lakini ndani yake mna busara ya kuchukua: wenye kuzitunga walitambua kwamba kuvuta ni ufundi wa peke yake, na kwamba anayejua kuendesha gari hajawa bado mjuzi wa kuendesha gari na tela.

Sababu ya pili ni mazoea ya kukodi. Mkazi wa hapa mwenye friji au kitanda cha kuhamisha huchukua simu yake, akaita gari kwa programu kama Huolala, na baada ya muda mfupi dereva yuko mlangoni na gari lenye ukubwa aliouchagua. Hulipia safari ile moja, kisha gari linakwenda zake. Matairi, bima, matengenezo na mahali pa kuliegesha si mzigo wake. Hili lilitufanya tuirudie orodha yetu ya Ismani. Safari ya Dar es Salaam, iliyokuwa nzito kuliko zote, ndiyo iliyokuwa ikituvuta tuelekee gari kubwa. Nayo ni safari moja kwa mwaka. Malori yanayopanda Iringa ni mengi, na mwenye lori huuza nafasi. Tukaifuta safari hiyo katika kazi za gari, na mara hiyo ukubwa tuliokuwa tukiutafuta ukapungua.

Barabara ya Yongfu

Si mbali sana na Xiaobei iko Barabara ya Yongfu, ijulikanayo kwa maduka ya vifaa vya magari. Wafanyabiashara kutoka Afrika na Uarabuni huifahamu vizuri. Pande zote mbili zimejaa redio, taa, mikeka ya miguuni, vioo, bampa za chuma, na vifaa vya kujikwamulia vyenye waya uliozungushwa kwenye ngoma. Tulikwenda huko kutazama kulabu za kuvutia tela, na matembezi hayo yalitufundisha zaidi ya vitabu.

Katika duka moja tulionyeshwa kulabu iliyong'aa kama fedha. Tuliomba kuona inafungwaje, tukakuta kwamba boliti zake zinakamata bampa peke yake. Kulabu ya namna hiyo ni pambo. Katika duka la pili mwenye duka, mtu wa makamo asiyesema sana, alituinamisha chini ya gari lililokuwa nje, akatuonyesha kwa tochi kwamba kulabu ya kweli hufungwa kwenye chesisi, kwenye nguzo zote mbili, kwa boliti nene, na kwamba ina kibao kidogo kilichopigwa chapa ya uzito inaoweza kuuvuta. Ikiwa kibao hakipo, alisema kupitia kwa mkwe wetu aliyekuwa akifasiri, usiulize bei. Tulimshukuru tukaondoka. Tangu siku hiyo hatutazami tena kulabu kutoka juu. Tunaitazama kutoka chini.

Hesabu ya darasa la tano

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Matangazo husema, "Gari hili linavuta tani tatu." Maneno hayo yaweza kuwa kweli na bado yakakudanganya. Kila pikapu ina mipaka mitatu, ambayo huandikwa kwenye kibao cha gari au katika kitabu chake: uzito wa juu wa gari pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, uzito wa juu wa tela, na uzito wa juu wa vyote viwili vikiwa pamoja. Mpaka wa tatu ndio unaosahauliwa.

Tuchukue mfano. Tuseme pikapu tupu ina kilo 2,000. Ikijazwa, isizidi kilo 3,000. Ndiyo maana huitwa ya tani moja. Tela lake lisizidi kilo 3,000. Lakini gari na tela kwa pamoja visizidi kilo 5,500. Hapo mwanafunzi wa darasa la tano ataona mara moja kwamba 3,000 na 3,000 ni 6,000. Ukivuta tela la kilo 3,000, gari lako halina budi kubaki na kilo 2,500. Yaani umebakiwa na kilo 500 tu za dereva, abiria, mafuta na mizigo.

Kuna tarakimu nyingine isiyoonekana. Sehemu ya uzito wa tela hukaa juu ya kulabu, na hivyo hubebwa na gari. Kwa tela lililopakiwa vizuri sehemu hiyo ni kama moja ya kumi. Ikiwa ndogo mno, tela huyumba kama mkia wa samaki. Ikizidi, nyuma ya gari hulala na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Dawa yake ni upakiaji. Sehemu kubwa kidogo ya mzigo, kama sita ya kumi, ikae mbele ya ekseli ya tela.

Tuliyapima mahindi yetu kwa kanuni hizo. Magunia 20 ya kilo 100 ni kilo 2,000. Tela lenyewe tuseme kilo 500. Jumla 2,500. Moja ya kumi, yaani kilo 250, inaliegemea gari. Watu wanne wa kilo 70 ni 280. Katika ile tani moja ya gari tumebakiwa na kilo 470. Basi magunia manne yaweza kukaa kwenye bodi, la tano libaki nyumbani. Gari litakuwa na kilo 2,680, tela 2,500, jumla 5,180. Tuko ndani ya mpaka. Kwa upande wa maji, lita 1,000 ni kilo 1,000, na ukiongeza tangi na tela hupati zaidi ya kilo 1,400 hivi. Ila maji yana tabia yake: tangi likiwa nusu, maji hukimbia mbele na nyuma kila dereva anapokanyaga breki, na kulitikisa gari zima. Tangi la kuvutwa ama lijazwe, ama liwe tupu.

Hivyo, mavuno yote ya Ismani, kwa safari nne, yalitosha ndani ya pikapu ya tani moja.

Saizi tatu

Ndogo kabisa ni ile ambayo Tanzania tunaiita Kirikuu, yaani Suzuki Carry na jamaa zake. Japani huitengeneza kwa kufuata vipimo vya sheria yao: urefu usiozidi mita 3.4, injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na shehena ya kilo 350. Hapa China iko jamii inayofanana nayo, kama vigari vya Wuling, vikubwa kidogo. Kwa mwenye duka la mjini ni chombo cha baraka, maana hunywa mafuta kidogo na hupenya uchochoroni. Kuvuta tela la maji si kazi yake, na asiwepo fundi wa kukushawishi vinginevyo.

Ya kati ni pikapu ya tani moja: Toyota Hilux, Isuzu D-Max ambayo huunganishwa pia Nairobi, Nissan Navara, na kwa upande wa China Great Wall, kampuni ya Baoding ambayo pikapu yake iitwayo Poer ilitoka mwaka 2019. Nyingi za jamii hii zenye injini ya dizeli na turbo huidhinishwa kuvuta tela la tani tatu au tatu na nusu, kwa sharti kwamba tela lina breki zake. Bila breki kwenye tela, kiwango cha kawaida katika nchi nyingi hushuka hadi kilo 750. Msomaji asome sentensi hiyo mara mbili. Vilevile upya si nguvu: BYD Shark, pikapu ya umeme na petroli iliyozinduliwa mwaka 2024, ni gari la kisasa na la bei, lakini ilipoingia Australia iliidhinishwa kuvuta kilo 2,500, pungufu ya D-Max nyingi.

Kubwa ni zile za Kimarekani kama Ford F-150, ambayo ikiwa na viti vya safu mbili hukaribia urefu wa mita 5.9, na katika baadhi ya miundo yake huvuta zaidi ya tani tano. Great Wall nao wana Shanhai, yenye urefu wa mita 5.4 na upana unaokaribia mita mbili.

Mkwe wetu aliipenda hii ya tatu, na hoja yake haikuwa ya kitoto. "Baba," alisema tulipokuwa mezani, "mkubwa aweza kazi ya mdogo, mdogo hawezi ya mkubwa. Na nyumbani hamtafuata hizo hesabu. Mjomba akiona nafasi kwenye tela, ataongeza magunia kumi."

Tulimjibu kwamba kuhusu uwezo amesema kweli, lakini kuhusu gharama hajasema. Gari kubwa hunywa mafuta ya gari kubwa hata siku linapompeleka bibi mmoja kliniki, na siku za namna hiyo kwetu ni zaidi ya 330. Matairi yake ni ghali, na spea zake hazipatikani Iringa mjini. Spea za Hilux huuzwa hata na mtu mwenye meza chini ya mwembe. Lakini hoja yake ya pili, ile ya mjomba na magunia kumi, ilitunyamazisha kwa siku kadhaa.

Mlima ambao Guangzhou hauna

Guangzhou umejengwa kwenye delta ya Mto Zhujiang. Ni nchi tambarare. Mlima unaosifiwa hapa, Baiyun, ulioko kaskazini mwa mji, una mita 382 tu. Basi mtu akilijaribu gari kwenye barabara pana za hapa, likateleza kama mashua ziwani, asidhani amelijaribu. Iringa iko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa huwa nyepesi. Gari lililoonekana hodari Guangzhou laweza kuhema Iringa. Na kati ya pwani na Iringa upo mteremko wa Kitonga.

Kwetu Kitonga si jina la kwenye ramani. Mwaka 1998 shemeji yetu alikuwa akiteremka huko na pikapu ya tani moja, gari zima, matairi mapya. Nyuma alifunga tela la mbao za Mufindi. Tela halikuwa na breki. Breki za gari zilichemka katikati ya mteremko, tela likaanza kulisukuma gari, kisha likalipinda ubavuni. Shemeji alitoka na mguu mmoja. Utingo wake, kijana wa miaka 19, tulimzika siku ya tatu. Kila mara ukoo unapozungumza habari za kununua gari, mama wa kijana yule hukaa nasi akasikiliza, wala hasemi neno.

Tulipomkumbusha mkwe wetu habari hiyo, ambayo aliijua kwa kusikia tu, tuliitazama upya hoja yake. Je, gari kubwa lingemwokoa utingo? Labda, kwa safari ile. Lakini mwenye gari kubwa angefunga tela kubwa zaidi, na juu yake mbao nyingi zaidi. Mjomba ataongeza magunia kumi popote patakapokuwa na nafasi. Kilichokosekana Kitonga kilikuwa tela linaloweza kujizuia lenyewe, na dereva wa kuteremka kwa gia ile ile ambayo angeipandia. Hapo ndipo fikra zetu zilipogeuka. Tofauti ya bei kati ya pikapu kubwa na ya kati ni fedha nyingi. Sehemu yake ndogo yatosha kununua tela lenye breki zake, minyororo miwili ya usalama na taa za nyuma, na kumlipia kijana mmoja wa ukoo mafunzo ya udereva. Na kuhusu magunia kumi ya mjomba, tumeamua tela litengenezwe fupi, lisiwe na mahali pa kuyaweka.

Pia wapo wanaosaidia hata bila kuombwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inayahusu magari ya mizigo kuanzia kilo 3,500. Pikapu na tela lililojaa hupita hapo. Mzani wa barabarani hauna undugu na mjomba.

Nansha, na mambo ya usukani

Mwezi uliofuata tulipanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, hadi Nansha, ncha ya kusini ya mji, ambako mto unakutana na bahari na ambako ipo bandari kubwa ya makontena na magari. Julai 2019, China ilipoanza kuruhusu magari yaliyotumika kuuzwa nje, shehena ya kwanza iliondokea hapo. Siku tuliyofika kulikuwa na upepo wa chumvi, na kwa mbali tuliona safu za magari yakingoja meli. Tulisimama kitambo tukiwaza nyumbani.

Kwa wanaofikiria kusafirisha gari kutoka hapa, tuna mambo manne ya kuwaambia.

La kwanza ni usukani. Magari yauzwayo katika maduka ya Guangzhou yana usukani kushoto. Hayo yawafaa ndugu zetu wa Congo, Rwanda na Burundi. Tanzania, Kenya na Uganda twaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Viwanda vya China hutengeneza pia magari ya usukani wa kulia kwa ajili ya nchi za nje. Hayo huagizwa, hayachukuliwi dukani.

La pili ni mafuta. Gari la dizeli la soko la China la miaka hii limeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Kiwango ambacho nchi za Jumuiya yetu zilikubaliana kuanzia 2015 ni 50. Vichujio vya moshi vya gari la hapa vyaweza kuziba huko. Uliza muundo wa kuuzwa nje, na uandikwe katika mkataba.

La tatu ni kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9, na mlango wake una upana wa mita 2.3 na kidogo. Pikapu ya mita 5.3 huingia. Ile yenye upana wa mita mbili huingia pia, lakini dereva aliyeiingiza hawezi kufungua mlango; atatoka kwa dirishani, na vioo vitakunjwa. Kontena la futi 40 hubeba mbili za saizi ya kati.

La nne ni tela. Msilisafirishe. Ni chuma, hewa na magurudumu. Mafundi wa nyumbani hulitengeneza. Kinachofaa kununuliwa hapa ni breki zake na kulabu yenye kibao.

Tulipofikia

Ukoo ulikutana kwa simu usiku wa Jumapili. Tulisoma taarifa yetu yote, pamoja na ile hesabu ya magunia. Uamuzi ulikuwa pikapu ya tani moja yenye kabini ya safu mbili, dizeli, turbo, inayovuta kwa magurudumu manne, usukani kulia. Tela fupi lenye breki. Na safari ya Dar es Salaam iende kwa lori la kukodi. Kama gari litatoka China au litanunuliwa kwa wakala wa nyumbani, hilo linategemea bei tutakazopewa kwa maandishi, na tunapoandika fedha bado ziko benki. Mkwe wetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi breki za tela nitalipia mimi." Kwenye simu ilisikika sauti ya mama yule wa Ismani. Alisema, "Ahsante, baba," na mkutano ukaisha.

Kwa familia nyingine zilizo njiani kununua, tunayaacha maswali haya yabandikwe ukutani. Gari litavuta tela siku ngapi kwa mwaka? Tela likijaa lina kilo ngapi, baada ya kupimwa mzanini? Uzito wa gari na tela kwa pamoja ni ngapi kwenye kibao? Kulabu imefungwa wapi? Tela lina breki? Ni mlima gani mrefu kuliko yote katika njia yenu, na nani atakuwa usukanini siku hiyo? Asiyeweza kuyajibu yote asitoe hata senti moja ya rubuni.

Tunawatakia afya njema na safari salama, ninyi na wale mliowaacha nyumbani.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mwenzake, Xiaobei